Bakteria wa kipindupindu hapasuki ili kutoa sumu

Mhariri,

Masika yakikaribia, kurasa za afya za magazeti yetu, lenu likiwamo, huanza kuandika kuhusu kipindupindu, na hilo ni jambo la kushukuru. Ushauri juu ya maji, vyoo na kunawa mikono huwa sahihi. Kasoro huwa kwenye ile aya ya katikati inayoeleza jinsi ugonjwa unavyotokea. Hapo ndipo msomaji huambiwa kwamba bakteria hufia tumboni akamwaga sumu, au kwamba sumu humvuja mwilini. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini sivyo. Anayeamini maelezo hayo, akisikia mgonjwa amepewa dawa ya kuua bakteria, ana haki ya kuogopa kwamba sumu yote itamwagika kwa mkupuo.

Tuanze na ukuta wenyewe. Vibrio cholerae, ndiye bakteria wa kipindupindu, ni kijiti kilichopinda kidogo, urefu wake mikrometa mbili hivi, na kama walivyo bakteria wengine wa kundi la Gram hasi, amevikwa tando mbili. Utando wa ndani ni tabaka mbili za mafuta zenye unene wa nanometa chache tu, lakini protini haiwezi kujipenyeza hapo. Hata ioni moja ya sodiamu hukwama ikikosa njia yake maalumu. Nje ya utando huo kuna nafasi nyembamba iitwayo periplazimu, yenye wavu wa peptidoglikani. Kisha unafuata utando wa nje, ambao uso wake umefunikwa na lipopolisakaridi. Utando wa nje una matundu yaitwayo porini, ila hayo ni ya molekuli ndogo, za takriban dalton 600 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli) kushuka chini. Sumu ya kipindupindu ina dalton zipatazo 85,000. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuiweka kando dhana ya kuvuja.

Robert Koch alikisia tangu 1884 kwamba bakteria huyu hufanya kazi yake kwa sumu. Ushahidi ulichelewa hadi 1959, pale Sambhu Nath De wa Calcutta alipochuja mchuzi uliooteshewa bakteria hadi wasibaki kabisa, akaingiza maji yaliyochujwa kwenye kipande cha utumbo wa sungura kilichofungwa ncha zote mbili. Utumbo ukajaa maji. Sumu ilikuwa tayari imo kwenye mchuzi, nje ya bakteria. Ilichukua miaka mingine thelathini na zaidi kueleza ilivyofika huko.

Inafika kwa hatua mbili, na kila utando una mlango wake.

Sumu hutengenezwa ndani kabisa, kwenye saitoplazimu, ikiwa vipande vya aina mbili. Kipande A, ndicho chenye madhara, kina asidi amino 240, yaani viungo 240 vya mnyororo wa protini. Kipande B, cha kushikia ukuta wa utumbo, kina 103. Lakini vinapotoka kwenye ribosomu, mashine ya kutengeneza protini, huwa virefu zaidi, kwani kila kimoja kina kichwa cha ziada: cha A asidi amino 18, cha B 21. Kichwa hicho ndicho anwani. Mwanzoni kina laisini au arjinini, zenye chaji chanya. Katikati kuna mfululizo wa asidi amino zinazokimbia maji. Mwishoni kuna asidi amino ndogondogo, mara nyingi alanini, mahali pa kukatia. Ukiondoa mfululizo wa katikati, au ukiupachika asidi amino moja tu yenye chaji, protini hubaki ndani. Wazo la kwamba protini hubeba anwani yake yenyewe lilitokana na kazi za Günter Blobel kwenye seli za wanyama, zilizompa tuzo ya Nobel mwaka 1999, na bakteria wanafuata kanuni ileile.

Mlango wa utando wa ndani huitwa SecYEG, kwa majina ya protini tatu zinazouunda. SecY ndiyo yenye njia. Mwaka 2004 kundi la Tom Rapoport wa Harvard lilichapisha umbo la mlango huu, likitumia ule wa arkea (kiumbe wa seli moja asiye bakteria) aitwaye Methanocaldococcus jannaschii. Njia yake imebana katikati, ina pete ya asidi amino zinazokimbia maji, na chini ya pete hiyo kuna kizibo. Kizibo hicho ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Bila hicho, ioni zingepita ovyo na bakteria angepoteza tofauti ya chaji kati ya ndani na nje, ambayo ndiyo akiba yake ya nishati. Protini inayotaka kupita huja na kichwa chake, kichwa kikajichomeka ubavuni mwa mlango, kizibo kikasogea. Mota iitwayo SecA, iliyokaa upande wa ndani, huvunja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kusukuma protini kipande kwa kipande. Tofauti ya chaji nayo huvuta kutoka ng'ambo. Kichwa kikishavuka, kimeng'enya cha utando, signali peptidasi, hukikata.

Hapa kuna sharti ambalo wanafunzi wetu husahau zaidi ya mambo mengine yote: protini lazima ipite ikiwa haijakunjwa. Ni uzi na tundu la sindano. Ukishapigwa fundo haupiti. Ndiyo maana baadhi ya protini hushikwa na mlezi aitwaye SecB tangu zinapotoka kwenye ribosomu, ili zisijikunje kabla ya kufika mlangoni. Jon Beckwith na wenzake wa Harvard walitumia udhaifu huu kugundua jeni za mlango wenyewe. Waliunganisha kichwa cha protini za kuchukua sukari ya maltosi na kimeng'enya kikubwa kiitwacho beta-galaktosidasi. Muungano huo ulianza kuingia mlangoni, beta-galaktosidasi ikajikunja nusu njia, mlango ukaziba, na bakteria waliopewa maltosi wakafa. Wengi wa walionusurika walikuwa na mabadiliko kwenye kichwa chenyewe, na kwa kutumia miungano ya namna hiyo jeni kama secA na secB zilipatikana.

Turudi kwa sumu yetu. Vipande A na B vikifika periplazimu, kimeng'enya DsbA huunganisha sisteini mbili za kila kipande kwa daraja la salfa. Kwenye B ni sisteini ya 9 na ya 86. Bila daraja hilo B haikai sawa na huishia kuvunjwavunjwa. Kisha vipande vitano vya B hujipanga duara, A mmoja akakaa juu yake. Timothy Hirst na Jan Holmgren, waliokuwa Göteborg, Sweden, walionyesha mwaka 1987 kwamba duara hilo hukamilika humo periplazimu, kabla ya kuvuka utando wa nje. Kwa hiyo mlango wa pili una kazi iliyo kinyume kabisa na ule wa kwanza: wa kwanza unakataa kilichokunjwa, wa pili unakataa ambacho hakijakunjwa.

Mlango huo wa pili huitwa mfumo wa utoaji wa aina ya pili, na kwa Vibrio jeni zake ni za kundi la eps. Juu kabisa kuna EpsD, nakala 15 zilizopangwa pete kubwa ndani ya utando wa nje, tundu lake likiwa na lango linalofungwa lisipotumika. Lakini periplazimu haina ATP. Nguvu itoke wapi? Bakteria amelitatua hilo kwa kuweka mota, EpsE, upande wa saitoplazimu, ikishikamana na protini za utando wa ndani. Mota hiyo hujenga kifimbo kifupi cha protini EpsG kinachokua ndani ya periplazimu na kuisukuma sumu kuelekea kwenye pete. Mashine moja imeshika tando zote mbili. Anwani ya mlango huu haiko tena kwenye kichwa, maana kimeshakatwa; inasomwa kwenye umbo la duara la B. A akiwa peke yake, bila B, hubaki periplazimu.

Ushahidi rahisi kuuelewa ni huu: ukichukua jeni za sumu ya kipindupindu ukaziweka kwa E. coli wa kawaida wa maabara, aina ya K-12, atatengeneza sumu, atavusha vipande vyake utando wa ndani, ataviunganisha vizuri, na hapo mambo yatasimama. Sumu itajazana periplazimu kwa sababu mlango wa pili kwake haufanyi kazi. Kama kuvuja kungekuwa ndiyo njia, E. coli naye angevuja.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Jeni za sumu, ctxA na ctxB, si za Vibrio kwa asili. Zililetwa na virusi wa bakteria, CTX, kama Matthew Waldor na John Mekalanos walivyoonyesha mwaka 1996. Virusi huyo naye hutoka nje kupitia pete ileile ya EpsD, bila kumuua mwenyeji wake. Mpangaji ameleta bidhaa na anatumia mlango wa mwenye nyumba.

Baada ya kutoka, habari nyingine wasomaji wenu wanaijua kwa matokeo yake. B hushika mafuta ya GM1 kwenye seli za utumbo, A huingia ndani, molekuli ya ishara iitwayo cAMP hupanda, mifereji ya kloridi hufunguka, maji hufuata chumvi. Njia inayoingiza sodiamu pamoja na glukosi haiguswi na sumu, na ndipo ORS inapopitia. Pakiti ya lita moja ina gramu 2.6 za kloridi ya sodiamu, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti ya sodiamu. Anayeweka maji nusu lita ili "iwe kali" anaharibu uwiano huo na kuvuta maji zaidi kuja utumboni.

Sasa dawa. Doksisaiklini, inayotolewa mara moja, miligramu 300 kwa mtu mzima, haipasui bakteria. Inakaa kwenye ribosomu na kuzuia utengenezaji wa protini. Azithromaisini, gramu 1 kwa mtu mzima, nayo inafanya kazi kwenye ribosomu, ingawa sehemu tofauti. Kwa hiyo kiwanda cha sumu husimama, na ile iliyokwisha kutoka ndiyo inayobaki kutibiwa kwa maji. Dawa hupunguza muda wa kuharisha na wingi wake. Haichukui nafasi ya ORS wala dripu, na iamuliwe na mhudumu wa afya.

Tunadhani tunajua mkanganyiko ulikotoka. Ipo sumu inayoachiwa bakteria wanapokufa: lipopolisakaridi ya utando wa nje, ambayo ni mafuta na sukari, si protini. Inaleta homa na kushuka kwa presha pale bakteria wanapoingia kwenye damu, lakini kuharisha kwa kipindupindu hakutokani nayo. Na kuna protini moja ambayo kweli hutoka kwa kupasuka: sumu ya Shiga ya E. coli kama O157:H7. Jeni yake imo ndani ya virusi waliolala kwenye kromosomu. Dawa inayojeruhi DNA, kama siprofloksasini, inaweza kuwaamsha. Virusi wakazaliana, sumu ikatengenezwa kwa wingi, bakteria akapasuliwa, sumu ikatoka. Ndiyo maana madaktari husita kutoa antibayotiki kwa ugonjwa huo, ambao unaweza kuharibu figo. Kuandika kwamba bakteria wote wa kuharisha hufanya hivyo ni kuchukua kisa cha mmoja na kumvisha mwingine.

Suala hili la milango limegusa Zanzibar moja kwa moja. Mwaka 2009, chanjo ya kunywa yenye bakteria waliouawa pamoja na miligramu 1 ya kipande B ilitolewa katika shehia kadhaa za Unguja na Pemba, na zaidi ya watu elfu ishirini walipata dozi zote mbili. Hicho kipande B hutengenezwa na Vibrio aliyeondolewa jeni ya A na kupewa nakala nyingi za jeni ya B. Kwa nini asitumike E. coli, ambaye ni rahisi kumlea? Kwa sababu Vibrio ana mlango wa pili: B hutoka yenyewe hadi kwenye mchuzi, ikiwa duara kamili, na kiwanda huivuna kutoka kwenye maji bila kuvunja seli na kuchanganya maelfu ya protini nyingine. Chanjo hiyo ilinyweshwa pamoja na baikaboneti ya sodiamu, kwani asidi ya tumboni huachanisha lile duara la vipande vitano. Chanjo zinazotumika zaidi leo katika kampeni, mfano Euvichol, hazina kipande B, kwa hiyo hazihitaji baikaboneti.

Wapo bakteria wenye njia nyingine, na hatutazimaliza. Njia ya Tat ya utando wa ndani hupitisha protini zilizokwisha kukunjwa, hasa zenye madini ndani yake. Anwani yake ina arjinini mbili zinazofuatana, na nguvu yake ni tofauti ya chaji peke yake, bila ATP. Salmonella na Shigella wana sindano inayovuka tando zao zote na kuchoma protini ndani ya seli ya binadamu. Bakteria wa kifua kikuu ana mfumo wa aina ya saba, ESX-1, unaotoa protini ESAT-6 na CFP-10. Sehemu ya jeni za mfumo huo ilipotea kwenye BCG, bakteria wa chanjo ya kifua kikuu, na ndiyo sababu kipimo cha damu kinachotumia protini hizo mbili hakidanganywi na chanjo ya BCG kama kinavyoweza kudanganywa kipimo cha ngozi.

Kwa walimu wa vyuo wanaosoma gazeti hili: milango hii inaweza kuonyeshwa bila kugusa Vibrio, kwa E. coli K-12 asiye na madhara. Mpe jeni ya protini inayong'aa kijani, GFP. Akiwa na anwani ya Sec, GFP hufika periplazimu lakini haing'ai, kwa kuwa imefika haijakunjwa na mazingira ya huko huivurugia kujikunja. Akiwa na anwani ya Tat, mfano ile ya TorA, hung'aa periplazimu. Angalia tu aina ya GFP mliyonunua: ile iliyoboreshwa iitwayo superfolder inaweza kung'aa hata kwa njia ya kwanza, na somo zima likaharibika.

Kutoa protini za periplazimu hakuhitaji vifaa vya gharama zaidi ya sentrifuji yenye ubaridi. Bakteria waliokusanywa wakiwa bado wanakua huchanganywa na myeyusho wa sukrosi asilimia 20, Tris milimola 30 ya pH 8 na EDTA milimola 1, mililita 80 kwa kila gramu ya bakteria wabichi, wakatikiswa polepole dakika 10 kwenye joto la kawaida. EDTA hunyang'anya utando wa nje magnesiamu na kalisi zinazoushikilia. Zungusha kwa 8,000 g dakika 20 kwenye nyuzi 4, mwaga maji yote, kisha tia kwa haraka kiasi kilekile cha salfeti ya magnesiamu milimola 5 iliyo baridi kama barafu. Maji huingia ghafla, utando wa nje huachia, wa ndani hubaki. Baada ya dakika 10 kwenye barafu zungusha tena: yale maji ya juu ndiyo periplazimu.

Makosa huwa machache na yanajirudia. Bakteria waliogandishwa kwanza hupasuka tando zote mbili. Maji yakiwa mazito ya kunata, hiyo ni DNA, na maana yake umepata saitoplazimu pia. Pima beta-galaktosidasi kama alama ya saitoplazimu na beta-laktamasi kama alama ya periplazimu, lakini si kwa DH5α, aina ya E. coli ya maabara ambayo haina lacZ, jeni ya beta-galaktosidasi, iliyo nzima. Ukipata kidogo mno, mara nyingi bonge la bakteria halikuchanganywa vizuri kabla ya magnesiamu kuingia. Na ukiona kwenye jeli mistari miwili iliyokaribiana, wa juu ukizidi kwa dalton elfu mbili hivi, huo ni wa protini zenye kichwa ambacho hakijakatwa: mlango wa Sec umezidiwa. Punguza IPTG, kemikali ya kuwasha jeni, hadi milimola 0.1 au chini yake, na shusha joto kutoka nyuzi 37 hadi 25. Kuongeza IPTG, ambalo ndilo jambo la kwanza wengi hufanya, huziba mlango zaidi na protini ikaishia kuwa mabonge ndani ya seli.

Ombi letu kwenu ni dogo. Mchoro wa bakteria mnaotumia kwenye kurasa za afya una mstari mmoja wa ukuta na vitone vya sumu vinavyodondoka pande zote. Uwe na mistari miwili, SecYEG kwenye wa ndani, EpsD kwenye wa nje, na mishale miwili. Unatosha kwenye safu moja, na tuko tayari kuuchora na kuwaletea bila malipo kabla ya mvua.

Walimu wa mikrobiolojia,
Dar es Salaam